Kukagua mtungi wa gesi nyumbani Tanga

Upepo wa chumvi wa Tanga hauzionei huruma klipu za mpira wa gesi, kwa hiyo anzia hapo: yenye kutu ibadilishe. Koroga sabuni na maji, paka kwenye regulata, kile kifaa cha kufungulia gesi juu ya mtungi, na ncha zote mbili za mpira, kisha fungua gesi jiko likiwa limezimwa. Mapovu yakivimba, funga. Yakitokea penye regulata, mara nyingi ni kile kipete cha mpira ndani ya vali ya mtungi kimechanika. Kupima kwa kiberiti ni wazimu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni; ukiinusa fungua milango, dirisha la juu halitoshi, wala usiguse swichi, hata kuzima. Ardhi ikitetemeka, ikitulia tu funga regulata.