Pikapu yako ya zamani inabugia mafuta? Usianze na kabureta

Haupiti mwezi bila mtu kuingia gerejini kwangu hapa Morogoro na Hilux ya zamani, mkononi ameshika boksi la kabureta mpya. Ameambiwa gari linabugia mafuta kwa sababu kabureta imechoka. Mara nyingi boksi hilo linarudi dukani halijafunguliwa, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye breki, au kwenye thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, iliyong'olewa na fundi mwingine miaka mingi iliyopita. Inaniuma kuona mtu anayeshusha kabichi na karoti kutoka Mgeta akiteketeza faida yake yote kwenye ekzosi, wakati tatizo lingeisha kwa nusu siku ya kazi.

Hapa naeleza kwa kutumia injini ya 22R, ile ya petroli yenye silinda nne na cc 2,366, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Mwenye dizeli afuate hatua tano za kwanza kama zilivyo. Plagi na kabureta hazimhusu, yeye aangalie nozeli na pampu.

Hatua ya 1: Pima kwa lita, usipime kwa shilingi

Wengi wetu tunaweka "mafuta ya elfu thelathini" kisha tunalalamika kuwa siku hizi hayafiki. Lakini EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu thelathini ya mwezi huu si lita zile zile za mwezi uliopita. Kabla ya kulilaumu gari, hesabu lita.

Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, na mwombe kijana wa pampu asiongeze hata kidogo. Andika kilomita. Fanya kazi zako za kawaida, na mzigo wako wa kawaida, usipungue kilomita 200. Rudi kituo kile kile, pampu ile ile, gari likiangalia upande ule ule, kwa maana sakafu ikiinama kidogo tu tangi linadanganya. Jaza tena mpaka ikate, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Rudia mara mbili. Kipimo kimoja hakitoshi.

Kwa uzoefu wangu, 22R yenye afya inatembea kilomita 9 hadi 10 kwa lita barabara kuu ikiwa haina mzigo mkubwa, na 7 hadi 8 mjini au ikiwa imebeba. Kama unapata 7.5 ukipanda na kushuka Mgeta na gunia juu, gari lako ni zima, usilichokonoe.

Hatua ya 2: Hakikisha kilomita ni za kweli

Ukifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, gurudumu linazunguka mara chache kwa kila kilomita, na dashibodi inahesabu pungufu. Washa ramani kwenye simu, tembea kilomita 20 kwa simu, uone dashibodi imesoma ngapi. Ikisoma 18.6, kila kilomita ya dashibodi izidishe kwa 1.075. Kijana mmoja alikuja na kilomita 312 kwa lita 45, yaani 6.9 kwa lita. Baada ya kusahihisha ikawa 335, sawa na 7.4. Nusu ya ugonjwa wake ilikuwa hesabu.

Hatua ya 3: Nusa

Asubuhi kabla ya kuwasha, angalia chini ya tangi, kwenye mipira ya mafuta, na kwenye pampu ya petroli iliyo mbele ya silinda hedi. Vuta kijiti cha oili ukinuse. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama bila kuongezwa, inawezekana diaframu ya pampu imepasuka. Usiendelee na safari, maana petroli inaifanya oili kuwa nyepesi na beringi zitakufa. Hatua hii hakuna sigara wala kibatari karibu.

Hatua ya 4: Magurudumu yazunguke huru

Hapa ndipo ninapokamata wezi wengi kuliko mahali pengine popote.

Tafuta sehemu tambarare. Zima injini, weka gia huru, shusha handibreki, sukuma. Hilux tupu inatakiwa ianze kutembea kwa mtu mmoja mwenye nguvu zake. Kisha endesha kama kilomita 10 ukigusa breki kwa uchache, simama taratibu, shuka upitishe kiganja karibu na kila rimu. Usiishike moja kwa moja, breki iliyobana inaunguza. Linganisha kushoto na kulia. Gurudumu lenye joto kuliko pacha wake ndilo unaloliburuta.

Kwa nyuma, mshukiwa wangu wa kwanza ni handibreki. Nyuma ya sahani ya breki kuna mkono mdogo wa chuma, umekunjwa kama kiwiko, unazunguka kwenye pini. Ukivuta handibreki, kebo inaugeuza, ukiachia, unarudi. Sasa mkono huu umekaa mahali panapopokea tope na maji yote ya barabara. Pini inashika kutu, na siku moja mkono unagoma kurudi mpaka mwisho. Shuu zinabaki zimelamba dramu. Dereva hasikii kelele wala gari halivuti upande, ila injini inalipa kila mita.

Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, kisha zungusha tairi kwa mkono handibreki ikiwa chini. Likiwa zito, lala chini uusukume mkono ule kwa bisibisi kubwa. Ukirudi kwa mlio wa kukwaruza na tairi likaachia, umempata. Ufungue, sugua pini kwa msasa, paka grisi, weka kimpira kipya cha vumbi. Ukiunyunyizia oili tu bila kuufungua utafanya kazi wiki mbili halafu utakwama tena, nimeshajaribu.

Mbele, zungusha vilevile. Likibana, legeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta ya breki yakiruka na tairi likaachia papo hapo, mara nyingi mpira wa breki umevimba kwa ndani na unazuia mafuta kurudi. Lisipoachia, pistoni za kalipa zimeshika kutu. Ukimaliza, toa upepo kwenye mfumo vizuri. Breki si mahali pa kubahatisha.

Upepo wa matairi upimwe yakiwa ya baridi, kabla ya safari. Kwa alaimenti huhitaji mashine kujua kuna tatizo: pitisha kiganja juu ya tairi la mbele kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Mwelekeo mmoja ukiwa laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, matairi yanatembea yakiburuzwa kiubavu.

Na kama yako ni ya kuvuta mbele na nyuma, angalia habu za mbele. Watu wengi wanazigeuza kwenye LOCK msimu wa mvua na kuzisahau huko mwaka mzima. Zirudishe FREE, zote mbili.

Hatua ya 5: Injini ipate joto lake

Gari linachemsha, fundi anang'oa thamostati, joto linashuka, mteja anafurahi. Nimeiona dawa hii kwenye magari mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ni dawa mbaya. Injini inayofanya kazi ikiwa ya baridi haichomi petroli vizuri, kwa sababu petroli inabaki matone badala ya kuwa mvuke. Oili inakuwa nzito, na silinda zinalika mapema.

Dalili ni mshale wa joto kukaa chini kabisa ukiwa barabara kuu, na kupanda tu ukikwama kwenye foleni au mlimani. Kuthibitisha, washa gari likiwa la baridi kabisa, ukishika mpira wa juu wa rejeta. Ukae mbali na feni, na mikono ya shati uikunje. Thamostati ikiwepo na ikiwa nzima, mpira unabaki wa baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla unapata moto. Ukianza kupata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, basi haipo, au imekwama ikiwa wazi.

Ukinunua mpya ipime kabla ya kuifunga. Banisha uzi kati ya kisahani chake na ukingo, ining'inize kwa uzi huo kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Pembeni yake imegongwa namba, 82 au 88, ambayo ndiyo digrii inayoanza kufunguka. Tazama kwa makini karibu na namba hiyo: utaona kisahani cha katikati kinajitenga na ukingo kwa unene wa ukucha, uzi unaachia, na thamostati inaanguka. Soma kipimajoto hapo hapo. Ikipishana sana na namba iliyogongwa, irudishe dukani. Wakati wa kuifunga, kile kitundu kidogo chenye kipini cha kutolea hewa kikae juu.

Lakini usiirudishe kabla hujajua kwa nini iliondolewa. Gari lilikuwa linachemsha, na sababu bado ipo: rejeta imeziba, feni imelegea, au kifuniko cha rejeta hakishiki presha. Ukifunga thamostati juu ya rejeta iliyoziba, utaunguza gasketi ya silinda hedi, na hiyo ni gharama kubwa kuliko petroli ya miezi.

Hatua ya 6: Hewa na moto

Filta ya hewa ishikilie mbele ya balbu. Usipoona mwanga, badilisha. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje.

Plagi zitoe baada ya kutembea barabarani, usizitoe baada ya kuunguruma sailensa, maana zitakuwa nyeusi bila kosa. Zipange kwa mfuatano wa silinda. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Weusi wenye unyevu wa oili ni ringi au sili za valvu. Ikiwa moja tu ni nyeusi na tatu ni safi, shuku plagi hiyo na waya wake, kwa sababu kabureta moja inalisha silinda zote nne na haiwezi kuikosea moja peke yake namna hiyo. Nafasi ya plagi ni milimita 0.8.

Kisha distribyuta, inayogawa moto kwenye plagi. Chomoa mpira mwembamba wa vakyumu unaokwenda kwenye kisahani chake na uunyonye kwa mdomo. Ukivuta hewa bila kukwama, diaframu imetoboka. Gari hilo litawaka na kutembea, ila mlipuko unachelewa kila unapokanyaga kidogo, na hapo ndipo unapotumia muda mwingi zaidi. Taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche, pima kwa taa yake, usitegemee sikio. Valvu za 22R zirekebishwe injini ikiwa ya moto: 0.20 za kuingiza, 0.30 za kutolea.

Jaribu na klachi: gia ya nne, mlima mdogo, kanyaga mafuta. Mlio ukipanda na mwendo usipande, inateleza.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo kabureta

Injini ikiwa ya moto, fungua kifuniko cha filta uchungulie. Kile kipepeo cha choki kinatakiwa kisimame wima, wazi kabisa. Kikiwa kimelala hata robo, safisha fimbo zake na uangalie kinachokifungua kabla ya kugusa jeti yoyote, vile vitundu vya kupitishia petroli.

Kabureta nyingi za 22R zina kidirisha cha kioo mbele ya bakuli la mafuta. Gari likiwa tambarare na linaunguruma, petroli inatakiwa ikae kwenye alama, katikati ya kioo. Ikiwa juu yake, sindano ya boya haifungi au boya limetoboka. Kiti cha sindano na gasketi vinanunuliwa pamoja kama seti moja, kabureta nzima ya nini? Na jeti usimruhusu mtu azisafishe kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka kwa unywele, umenunua ulaji wa kudumu.

Pima upya baada ya kila badiliko

Ukibadilisha vitu vitano siku moja hutajua kipi kilikuponya. Mzee mmoja wa Mgeta alikuja akisema, "Fundi, hii kabureta imekufa, nifungie hii mpya." Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, hebu tupime kwanza." Kipimo kikasema 6.1. Mkono wa handibreki wa kushoto ulikuwa umekwama, tukaurekebisha, ikapanda hadi 7.4. Tukasafisha rejeta na kurudisha thamostati, ikafika 8.3. Kwa kila kilomita 1,000 alikuwa akichoma lita 164, sasa 120 na kitu. Kabureta yake ya zamani hatukuigusa.

Ana daftari kwenye dashibodi, anaandika kila akijaza. Juzi aliona 7.8, akaja mwenyewe kabla ya kupakia. Tukazunguka gari na geji: tairi la nyuma kulia lilikuwa na msumari.