SOMO: Kuchagua na kubadilisha wajumbe wa kamati kwenye mradi wa programu huria

Wakuu, salaam. Mwaka huu nimeulizwa swali moja na watu wa miradi tofauti mpaka nimechoka kulijibu: "Mjumbe wetu wa kamati haonekani, tunamtoaje?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nimekaa kwenye kamati ya mradi mdogo mihula mitatu. Kanuni zetu nyingi tumeziazima Python (lugha ya kuandikia programu) na Debian (mfumo endeshi huria wa kompyuta). Nitataja kila moja ilikotoka ili mkazisome wenyewe.

Hatua ya 1. Andikeni nani ana haki ya kupiga kura, na orodha ifungwe kabla uchaguzi haujatangazwa.

Hatua ya 2. Idadi ya wajumbe iwe witiri. Baraza la uongozi la Python lina watano. Mradi wa watu kumi na tano, watatu wanatosha.

Hatua ya 3. Tengeni muda wa kupendekeza majina, wa kuwauliza wagombea maswali, na wa kupiga kura. Debian wanapochagua kiongozi wao kila mwaka, wiki moja ni ya majina, tatu za kampeni, mbili za kura. Mnaweza kupunguza, ila msimalize yote kwa siku moja. Kuna wachangiaji wanaoshika kompyuta wikiendi tu, na kuna wanaosubiri bando. Apache, taasisi inayolea miradi mingi ya programu huria, huacha kura zao wazi angalau saa 72. Nyie msishuke chini ya hapo.

Hatua ya 4. Kwenye kura wekeni chaguo la "hakuna hata mmoja". Debian wanalo. Bila hilo, mgombea aliye peke yake hupita hata kama hakuna anayemtaka.

Hatua ya 5. Mwajiri mmoja asiishike kamati. Kwa Python, kati ya wale watano wasizidi wawili wa mwajiri mmoja. Wakizidi, mwenye kura chache miongoni mwao anaachwa na aliyeshika namba sita kwa kura anapanda. Hata mtu akihama kazi katikati ya muhula na kanuni ikavunjika, lazima mmoja ajiuzulu.

Hatua ya 6. Nafasi ikibaki wazi katikati ya muhula. Someni hii polepole, kwa sababu hapa ndipo tulipoharibu, na pendekezo lililoharibu niliandika mimi. Mjumbe mmoja alinyamaza. Katiba yetu haikuwa na kifungu chochote juu ya hilo. Wiki mbili zilipopita nikaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba tumbadilishe, watatu tukakubaliana usiku uleule, asubuhi tukatangaza jina la mtu mpya. Kumbe mwenzetu alikuwa kijijini anamuuguza mama yake, mtandao wa kubahatisha. Habari za kuondolewa kwake alizisoma kwenye tangazo kama mtu mwingine yeyote. Alituandikia mistari miwili ya kutuaga. Tena, akaunti ya domeni ya mradi, yaani anwani ya tovuti yetu, ilikuwa mikononi mwake peke yake. Hakutunyima, alitupa kila alichokuwa nacho, lakini akaunti ilifunguliwa kwa baruapepe ya kazi aliyokwisha kuiacha, na muda wa domeni ukaisha kabla hatujaingia. Viungo vyote vya nyaraka zetu vikafa.

Kwa hiyo:

– Kifungu kiwepo kabla ya tatizo. Cha Python ni kifupi: mjumbe asipopatikana kwa mwezi mmoja au zaidi, waliobaki *wanaweza* kupiga kura kumbadilisha. Hawalazimiki.

– Asiyepatikana si sawa na asiyetuma msimbo wa programu. Mtafuteni kwa njia mbili tofauti, mojawapo iwe simu, na muandike tarehe mlizomtafuta.

– Anayeziba nafasi anamalizia muhula uliobaki. Haanzi mpya.

– Hakuna akaunti ya mradi inayoshikwa na mtu mmoja. HAKUNA. Domeni, seva, ripo (ghala la msimbo), ukurasa wa michango: watu wawili au zaidi, tangu siku ya kwanza.

– Tangazo alione mwenyewe kwanza, na lianze kwa kumshukuru.

Hatua ya 7. Wekeni ukomo. Kamati ya Ufundi ya Debian ina kanuni ninayoipenda sana: kila Januari 1 wanaangaliwa wajumbe wawili waliokaa muda mrefu kuliko wenzao. Aliyezidisha miezi 42, ujumbe wake unakoma Desemba 31 ya mwaka huo. Hakuna anayelazimika kumwambia mzee wa mradi kwamba zamu yake imekwisha, na kamati haiondoki yote kwa mpigo.

Hatua ya 8. Kumwondoa mtu kwa kosa ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni kura ya kutokuwa na imani, na Python wanataka theluthi mbili.

Maswali karibuni.

---

kijana_wa_kodi: Mkuu somo zuri. Sisi mjumbe wetu haonekani wiki ya pili sasa, tumtoe?

Mwandishi: Hatua ya 6. Isome yote.

kijana_wa_kodi: Nimesoma, ila tuna haraka ya kutoa toleo jipya.

Mwandishi: Toleo linahitaji akidi, halihitaji kumtoa mtu. Mmebaki wangapi?

kijana_wa_kodi: Wanne kati ya watano.

Mwandishi: Pigeni kura mtoe toleo. Halafu mpigieni mwenzenu simu.

mtu_wa_seva: Kwa mradi wa watu wanane huu ni urasimu. Sisi tunaelewana.

Mwandishi: Sisi tulikuwa tisa na tulielewana. Nimeshaeleza kilichotupata. Python nao walikuwa na mwamuzi mmoja waliyemwamini, Guido van Rossum. Alipojiuzulu nafasi hiyo Julai 2018 hapakuwa na utaratibu wa kumrithi, ikabidi waujadili kwa miezi. Baraza la kwanza likapatikana mwanzoni mwa 2019. Ninachoomba kwenu ni ukurasa mmoja tu.

binti_msimbo: Shikamoo kaka. Naomba kuuliza, nafasi ikiwa wazi kwa nini msimchukue tu aliyeshika namba sita uchaguzi uliopita?

Mwandishi: Marahaba dada, hili ndilo swali nililolisubiri. Python humpandisha wa sita wakati wa uchaguzi wenyewe, kwa ile kanuni ya mwajiri. Katikati ya muhula baraza lililobaki ndilo linaloweza kupiga kura na kuteua. Shida ya namba sita ni kwamba huenda alikataliwa na wengi, au ameshaacha kuchangia. Shida ya kuteua ni kamati kujazana marafiki. Kamati ya Ufundi ya Debian huwa na wajumbe hadi wanane. Wakipungua, kamati inapendekeza jina na kiongozi wa mradi ndiye anayeamua. Wakibaki watano au chini ya hapo, kamati inaweza kujaza yenyewe, lakini wakifika sita inaishia hapo. Sisi tumechanganya: ikiwa nusu ya wapiga kura walimkubali na bado yumo, wa namba sita anaulizwa kwanza. Akikataa, kamati inateua na wanachama wana siku saba za kupinga.

binti_msimbo: Asante sana. Na kura ya siri mnapigia wapi?

Mwandishi: Helios, mfumo wa kupigia kura mtandaoni, nayo ni programu huria. Unapewa namba ya kuhakiki kwamba kura yako imeingia, na hakuna anayeona ulimchagua nani. Ijaribuni kwa uchaguzi wa uongo kwanza.

mzee_wa_ripo: Naongezea kwenye domeni: baruapepe ya usajili iwe ya mradi, na tarehe ya kuisha iwe kwenye kalenda za watu watatu.

Mwandishi: Kweli kabisa mzee wangu. Naiingiza Hatua ya 6.

binti_msimbo: Na funguo za kusainia matoleo, zile za kidijitali zinazothibitisha toleo ni la mradi? Mjumbe akitoka tunafuta wa kwake?

Mwandishi: Msiufute. Matoleo ya zamani yanahakikiwa kwa huohuo. Kila mjumbe awe na ufunguo wake, na faili la funguo za hadharani, zile za kuhakikia saini, likae ndani ya ripo. Akitoka, andikeni tarehe ambayo saini yake inakoma kukubalika kwa matoleo mapya. Jumamosi nitaweka hapa kifungu chetu chote mkiangalie.