Entebbe hadi London: kokotoa mwenyewe umbali na saa za safari

Rula juu ya ramani ya ukutani itakudanganya. Dunia ni mviringo, na njia fupi angani ni upinde. Bahati yetu, Entebbe iko karibu kabisa juu ya Ikweta (latitudo 0.04 Kaskazini), hivyo hesabu inayowasumbua wengine, kwetu ni ya mistari miwili.

Chukua Gatwick, mojawapo ya viwanja vya ndege vya London: latitudo 51.15 Kaskazini, longitudo 0.19 Magharibi. Entebbe iko longitudo 32.44 Mashariki. Pande zikitofautiana, jumlisha longitudo: 32.63. Zikiwa upande mmoja, kama Entebbe na Dubai, toa ndogo kwenye kubwa. Sasa kosaini (kitufe cha cos kwenye kalkuleta) ya 51.15 ni 0.627, ya 32.63 ni 0.842, zidisha upate 0.528. Bonyeza cos⁻¹, itatoka digrii 58.1. Kila digrii ni kilomita 111.2, kwa hiyo umbali ni kama km 6,460.

Ukiona 1.35 badala ya 58.1, kalkuleta iko kwenye RAD, yaani inapima pembe kwa radiani badala ya digrii (DEG). Irudishe DEG uanze upya.

Ndege haiendi kwenye upinde huo hasa. Hufuata njia za anga na hukwepa maeneo yaliyofungwa. Ongeza asilimia 5: km 6,780. Gawa kwa 850, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa, upate karibu saa 8. Ongeza nusu saa ya kutembea uwanjani, kupanda na kushuka. Jumla saa 8 na nusu, upepo ukiwa wa kawaida. Ukipitia Dubai, usipige hesabu ya jumla moja: ni km 3,730 na nyingine 5,500 hivi, kila kipande na nusu saa yake, kisha muda wa kungoja.

Wengi hukosea kwenye tiketi. Saa za kufika huandikwa kwa saa za huko. Tuseme unaondoka 08:30. Baada ya saa 8 na nusu, Entebbe ni 17:00. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, miezi mingine saa 3. Tiketi itaandika 15:00 au 14:00, na asiyejua atadhani safari ni ya saa 6 na nusu, au hata 5 na nusu.

Halafu hiyo 08:30 yenyewe: ni saa mbili na nusu asubuhi, si saa nane na nusu. Aliyeisoma kwa Kiswahili hufika ndege imeshaondoka. Kaunta ikitaka uwepo saa 3 kabla, uwe Entebbe saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kutoka katikati ya Kampala ni km 40 hivi. Alfajiri barabara ni nyeupe, lakini kwa ndege ya jioni, foleni ya Kajjansi, kwenye barabara ya kawaida ya Entebbe, peke yake yaweza kukula saa nzima. Lipia barabara ya haraka.