Kuzoeana na Goti la Bandia

Watu huniuliza: je, ni kama lile la kuzaliwa? Mwaka wa pili huu tangu nifanyiwe operesheni, na jibu langu ni hili: nikitembea nalisahau, nikiiona mbuzi ya kukunia nazi nalikumbuka.

Ukilipata la kwako, anza kulinyoosha kabla ya kuhangaika kulikunja. Goti lisilonyooka litakuchechemeza siku zote. Kunja taulo, liweke chini ya kisigino, acha goti lishuke lenyewe, kisha kaza paja ukihesabu mpaka tano. Chini ya kisigino, si chini ya goti! Mimi wiki ya kwanza niliegemeza goti kwenye mto kwa kuwa nilipata nafuu, na nafuu ile niliilipa kwa machozi mwezi mzima.

Kukunja, kaa kitini, kanyaga kipande cha khanga juu ya sakafu, uvute mguu nyuma taratibu. Nyuzi 90 zinatosha kukaa kitini; kuinuka kwenye kochi la chini kunataka zaidi. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, wa operesheni hutangulia kushuka.

Yapo mengine hayaondoki kwa mazoezi. Goti hugonga, ka, ka, kama vikombe mkononi mwa muuza kahawa. Juu chuma, chini chuma, katikati plastiki ngumu, vikikutana vinalia. Kama hakuna maumivu, hakuna neno. Kisha upande wa nje wa kovu, ngozi yangu ya upana wa kiganja imekufa ganzi, maana vishipa vidogo vya fahamu hukatwa pale kisu kinapopita. Nikioga maji ya moto nayasikia juu, nayasikia chini, pale katikati kimya. Ndiyo maana kupiga magoti kunashangaza: hakuniumi, ila ni kama nimeazima goti la mtu. Daktari akikuruhusu, anzia kitandani, kisha mkeka uliokunjwa. Mimi nimebaki kuswali kwenye kiti, wala sioni haya.

Uvimbe na joto la jioni huweza kukaa miezi. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, au ukiishiwa pumzi, usingoje kesho, nenda hospitali.

Nazi sasa anakuna mjukuu wangu, tena huacha nyama tele kifuuni.