Namna ya Kusoma Takwimu za Watu wa Mombasa

Mtu anayeandika ombi la zahanati, ripoti ya wadi, makala ya gazeti au tasnifu kuhusu Mombasa hafiki mbali kabla ya kuulizwa watu wa mji huu ni wangapi, ni akina nani, na wanaongezeka wapi. Jibu la haraka ni la sensa ya 2019, yaani watu 1,208,333, na wengi huishia hapo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuendelea, kwa kuwa jumla ya kaunti haitaji kisiwa wala ng'ambo, yaani upande wa bara unaokizunguka, na mabadiliko makubwa ya mji huu yametokea katika uhusiano wa hizo mbili.

Kwanza pata majuzuu ya ripoti ya sensa hiyo yenyewe, ambayo Shirika la Kitaifa la Takwimu limeyaweka kwenye tovuti yake bila malipo. Juzuu la kwanza lina idadi ya watu kwa kaunti na kaunti ndogo, la pili linashuka hadi kata na kata ndogo, la tatu linagawa watu kwa umri na jinsia, na la nne linaeleza elimu, kazi, nyumba, maji na dini. Kwa kazi nyingi za mtaani juzuu la pili na la tatu yanatosha. Usichukue tarakimu kutoka kwenye bango la mwanasiasa au ujumbe uliosambazwa kwenye simu, hata kama inafanana na ya sensa.

Kisha panga mfululizo wa miaka. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 247,073, ya 1979 watu 341,148, ya 1989 watu 461,753, ya 1999 watu 665,018, ya 2009 watu 939,370, na ya 2019 hao 1,208,333 tuliokwisha kuwataja. Ukitaka kasi ya ongezeko kwa mwaka, usigawanye asilimia ya miaka kumi kwa kumi. Kati ya 2009 na 2019 watu waliongezeka kwa asilimia 28.6, na wengi huandika kwamba hiyo ni asilimia 2.9 kwa mwaka, hali wanasahau kwamba ongezeko la mwaka huu nalo huzaa ongezeko mwaka ujao. Gawanya idadi ya mwisho kwa idadi ya mwanzo, tafuta kipeuo cha kumi cha jibu, toa moja, kisha zidisha kwa mia. Simu ukiilaza ubavu, kikokotoo chake kwa kawaida kitakupa kitufe cha kipeuo. Utapata takriban asilimia 2.5. Ukifanya hivyo kwa miongo yote utaona kwamba kasi ilikuwa asilimia 3.3 katika mwongo wa 1969 hadi 1979, ikashuka kidogo hadi 3.1, ikapanda hadi 3.7 kati ya 1989 na 1999, ikawa 3.5 katika mwongo uliofuata, ndipo ikateremka hadi 2.5. Kwa hiyo anayesema kwamba Mombasa inakua kwa kasi isiyopata kuonekana hana ushahidi wa sensa. Watu wanaoongezeka kila mwaka ni wengi kuliko zamani kwa sababu mji wenyewe umekuwa mkubwa, lakini kasi imepungua.

Mipaka

Hapa ndipo penye mitego mingi, na hapa ningemshauri msomaji atumie muda wake mwingi. Kabla ya uchaguzi wa 2013 Mombasa ilikuwa na maeneobunge manne: Mvita, Kisauni, Likoni na Changamwe. Nyali ikamegwa kutoka Kisauni na Jomvu ikamegwa kutoka Changamwe, na leo kaunti ndogo, zinazofuata maeneobunge hayo, ni sita. Anayechukua Kisauni ya jedwali la zamani na kuilinganisha na Kisauni ya 2019 atatangaza kwamba watu wamehama kwa wingi, kumbe mstari wa ramani ndio uliohama. Tumia jedwali la 2009 lililopangwa upya kwa mipaka mipya, au jumlisha kila iliyomegwa na ile ilikotoka, yaani Nyali na Kisauni, Jomvu na Changamwe.

Kwa mipaka mipya hali ni hii. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilitoka watu 143,128 mwaka 2009 ikafika 154,171 mwaka 2019. Nyali ilitoka 185,990 ikafika 216,577. Kisauni iliruka kutoka 194,065 hadi 291,930, na Likoni kutoka 166,008 hadi 250,358, yaani kila moja iliongezeka kwa nusu na zaidi kidogo katika miaka kumi. Jomvu ilipanda kutoka 102,566 hadi 163,415, ilhali Changamwe, jirani yake, ilishuka kutoka 147,613 hadi 131,882. Ukikutana na kushuka kwa namna hiyo kando ya kupanda kwa namna hiyo, shuku mpaka kabla ya kutafuta sababu ya watu kukimbia, na hadi utakapohakikisha, zisome kaunti ndogo hizo mbili kwa pamoja: zilikuwa na watu 250,179 zikawa na 295,297, ongezeko la asilimia 18, ambalo halina ajabu yoyote.

Sasa pima mchango wa kila upande. Kaunti nzima iliongeza watu 268,963. Kisauni na Likoni peke yake ziliongeza 182,215, zaidi ya theluthi mbili, na kisiwa kiliongeza 11,043 tu, kiasi kwamba sehemu yake katika idadi ya kaunti ilipungua kutoka asilimia 15.2 hadi 12.8. Anayepanga huduma kwa kutazama mitaa ya kisiwani kama Mwembe Tayari na Makadara anapanga mji wa babu zake. Kisiwani ardhi imekwisha. Ng'ambo bado kuna viwanja, na kuna desturi ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya ardhi, jambo linalomwezesha mwenye kipato kidogo kupata paa mapema kuliko angepata hatimiliki. Mitaa inayojaa kwa njia hiyo hujaa upesi, na kwa kawaida hujaa kabla ya bomba la maji na barabara.

Mpaka wa kaunti nao si mpaka wa mji. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi, lakini maelfu ya wanaolala huko huamkia kazi Mombasa. Ikiwa unachunguza soko la kazi au msongamano wa magari, ongeza Mtwapa na miji iliyo kando ya barabara ya Nairobi kama Mazeras, na useme wazi kwamba umeongeza.

Usiku wa kuhesabiwa

Sensa ya Kenya humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa, ambao mwaka 1999, 2009 na 2019 ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Mgeni aliyelala hotelini Shanzu yumo katika idadi ya Mombasa. Mwenyeji wa Majengo aliyekwenda mazishini Kaloleni ya Kilifi hayumo. Muhimu zaidi kwa mpangaji ni kwamba idadi hiyo ni ya usiku. Alfajiri watu wa Likoni huvuka feri, wa Kisauni hupita daraja la Nyali, na kisiwa hubeba mchana watu wengi kuliko wale 154,171. Vyoo vya umma, vituo vya matatu na wauguzi wa huduma ya dharura kisiwani havipimwi kwa watu wa usiku.

Baada ya watu, soma kaya, nayo hapa ina mambo. Kaya katika sensa ni watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na wanaokula chakula kilichopikwa pamoja. Ichukue nyumba ya Kiswahili ya kupangisha kule Likoni: mlango wa mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani choo, bafu na bomba moja. Chumba cha kwanza anaishi mama na watoto wawili, cha pili vijana watatu wa bandarini wanaochanga pesa ya unga, cha tatu kijana mmoja anayejipikia kwa mtungi wa gesi chini ya kitanda, na kuendelea hadi cha sita. Paa ni moja, kaya ni sita. Kijana wa cha tatu akila kila siku kwa mama wa cha kwanza lakini akawa analala na kujitegemea kwake, karani wa sensa lazima aulize zaidi, na majibu hutofautiana.

Kaya za Mombasa zilikuwa 268,700 mwaka 2009 na 378,422 mwaka 2019. Zimeongezeka kwa takriban asilimia 41, wakati watu wameongezeka kwa asilimia 28.6, kwa hiyo wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 3.5 hadi kama 3.2. Hili wengi hulipita. Mita za umeme, vyumba vya kupanga na mitungi ya gesi hufuata kaya kuliko vichwa, na anayekadiria mahitaji ya nyumba kwa kasi ya watu atapungukiwa.

Jinsia, umri na asili

Mwaka 2009 kulikuwa na wanaume 484,924 na wanawake 454,446, sawa na wanaume 107 kwa kila wanawake 100. Mwaka 2019 wanaume walikuwa 610,257, wanawake 598,046, na huntha 30, ambao walihesabiwa kwa mara ya kwanza. Uwiano ukawa 102. Kitaifa mwaka huo wanawake ndio waliokuwa wengi. Mji wa bandari huvuta vijana wa kiume kwanza, na uwiano unaposogea kuelekea usawa ni dalili kwamba wanawake nao wanahamia na familia zinatulia. Ithibitishe dalili hiyo kwa piramidi ya umri, kaunti ndogo moja moja: uvimbe wa miaka ya ishirini huonyesha wahamiaji, na uchache wa wazee una sababu zaidi ya vifo, kwani wengi wa bara hurudi kwao wakistaafu.

Kuhusu makabila, andika kwa uangalifu. Wenyeji wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, Wamijikenda, Waarabu wenye asili ya Yemen na Oman, na jamii za Kihindi walikuwapo kabla ya reli kuanza kujengwa hapa mwaka 1896, na baada yake kazi za reli na bandari zikawaleta Wakamba, Wataita, Waluo, Waluhya, Wakikuyu na wengine. Lakini matokeo ya makabila ya 2019 yalichapishwa kwa nchi nzima, hivyo asilimia za kabila fulani Mombasa zinazotajwa mitandaoni ukiziona, mwulize mwenye kuzitoa amezipata wapi. Tena kabila katika sensa ni jibu la mtu mwenyewe. Waliojiandikisha kuwa Waswahili nchini walikuwa 110,614 mwaka 2009 na 56,074 mwaka 2019, na hakuna aliyeona nusu ya Waswahili wakitoweka. Kilichobadilika ni namna watu walivyojitaja na walivyopangwa. Dini inapatikana kwa kaunti katika juzuu la nne, nayo haipaswi kugeuzwa kuwa kabila.

Ukilazimika kukadiria mbele, toa makadirio mawili. Mwongo wa 2009 hadi 2019 ukijirudia kama ulivyo, sensa ya 2029 itakuta watu wapatao 1,554,000; kasi ikiendelea kushuka kama ilivyoanza, watakuwa pungufu ya hapo. Fanya hesabu hiyo kwa kila kaunti ndogo kando, kisha jumlisha, na chini ya jedwali andika mwaka wa sensa, mipaka uliyotumia, na kama Changamwe na Jomvu umezitenga au umeziunganisha.