Jinsi ya Kuandika Pendekezo la Ulinzi wa Maduka na Kuzuia Wizi

Pendekezo langu la kwanza kwa duka la rejareja lilikuwa na kurasa 14. Nane kati ya hizo zilinihusu mimi: kampuni ilianza lini, walinzi wamepitia mafunzo gani, sare zao zikoje. Meneja alilipokea, akafunua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, akasoma bei, kisha akauliza: "Na mimi zinanirudia vipi hizi?" Sikuwa na jibu. Kazi akapewa mwingine, na sidhani kama bei yake ilikuwa chini ya yangu.

Mwenye duka halali akiota walinzi. Kinachomkosesha usingizi ni pengo kati ya mali iliyoandikwa kwenye vitabu na mali iliyopo kwenye rafu. Pendekezo lako lianzie kwenye pengo hilo. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mtiririko wa kazi. Mpangilio wa kurasa utakuja baadaye.

Hatua ya 1: Omba namba kabla hujaandika neno

Muombe mteja matokeo ya hesabu mbili za mwisho za stoku, mauzo ya kipindi hicho, na orodha ya bidhaa zinazopotea zaidi. Uliza pia kama pengo limethaminiwa kwa bei ya kununulia au ya kuuzia, kwa sababu ukichanganya hizo mbili mahesabu yako yote yatapinda.

Chukua stoku ya vitabuni, toa iliyohesabiwa, gawanya kwa mauzo, zidisha kwa 100. Duka lililouza 500,000 kwa mwaka na kukutwa na pengo la 9,000 lina upotevu wa asilimia 1.8. Kwa mtu asiyezoea, asilimia hiyo inaonekana ndogo. Sasa mwonyeshe upande wa pili: kama faida yake halisi ni asilimia 5, na pengo limethaminiwa kwa bei ya kununulia, anahitaji kuuza bidhaa za 180,000 ili kufidia hiyo 9,000. Mstari huo peke yake umenifungulia milango ambayo sifa za kampuni hazikuifungua.

Ila usikimbilie kuliita pengo lote wizi. Ndani yake kuna udokozi wa wateja, wizi wa wafanyakazi, udanganyifu wakati wa kupokea mzigo, vitu vilivyoharibika, na makosa ya kawaida ya kuandika. Niliwahi kumsaka "mwizi" kwa wiki mbili, kumbe karani alikuwa akiingiza boksi la vipande 12 kana kwamba lina 24. Ukiahidi kufuta pengo zima kwa kuweka walinzi, utajikuta unawajibika kwa kalamu ya karani.

Mteja asipokuwa na namba, usizibuni. Pendekeza hatua ya awali ya kulipiwa: kuhesabu aina 20 za bidhaa kila wiki, kwa wiki nne. Anayekataa hata hilo huwa nafikiria mara mbili kabla ya kumwandikia.

Hatua ya 2: Tembelea duka mara tatu

Mara ya kwanza nenda kama mnunuzi. Mara ya pili nenda mzigo unaposhushwa. Mara ya tatu nenda wakati wa kufunga au wa kubadilishana zamu, maana hapo kila mtu anaangalia saa na hakuna anayeangalia mlango.

Ukiwa mnunuzi, simama alipo keshia, kisha utazame. Rafu zipi humwoni mtu aliye nyuma yake? Bidhaa gani ziko hatua chache tu kutoka mlangoni? Mtaalamu wa jinai Ronald Clarke alieleza mwaka 1999 kwamba bidhaa zinazovutia wezi zina tabia zinazofanana: zinafichika, zinabebeka, zinapatikana kirahisi, zina thamani, zinapendwa, na zinauzika haraka. Pita na orodha hiyo mkononi. Wembe, manukato na betri vitajitokeza vyenyewe, na mara nyingi utavikuta kwenye kona ile ile isiyo na jicho.

Upande wa nyuma ndiko ninakokaa zaidi. Nani anahesabu mzigo, na je, anahesabu kabla au baada ya kusaini? Taka zinatolewa saa ngapi, na nani anazikagua? Bidhaa nzima ndani ya mfuko wa taka ni mbinu ya zamani, na bado inafanya kazi. Kwenye kaunta, omba ripoti ya miamala iliyofutwa na ya marejesho ya fedha kwa kila keshia. Marejesho yaliyofanyika wakati hakuna mteja aliyesimama mbele ya kaunta yanajieleza. Kuna pia keshia anayepitisha bidhaa tano za rafiki yake na kuskani tatu. Huyo mlinzi wa mlangoni hamkamati, kwa sababu risiti ipo.

Hatua ya 3: Kila tundu na kizibo chake

Usiandike orodha ya vifaa. Andika tundu, kisha kizibo, kisha dalili itakayoonyesha kwamba kizibo kinafanya kazi. Kwa mfano: mzigo unasainiwa kabla ya kuhesabiwa, watu wawili wahesabu na kusaini pamoja, tofauti za ankara zipungue kila mwezi. Kizibo hicho hakigharimu kifaa chochote, na ukikiandika mteja ataanza kukuamini kwenye vile vinavyogharimu.

Ukifika kwenye vifaa, onyesha kwamba unavijua. Lebo za kengele, zile zinazofungwa kwenye bidhaa ili geti la mlangoni lilie zikipitishwa bila kulipiwa, zina mifumo tofauti: ya redio hutumia masafa ya 8.2 MHz, ya akustiki-sumaku hutumia 58 kHz, na lebo ya mfumo mmoja haipigi kwenye geti la mwingine. Angalia duka tayari lina geti gani kabla ya kupendekeza shehena ya lebo.

Kwenye kamera, wengi huandika "kamera 16 zenye picha safi" na kuishia hapo. Kipimo kinachotumika ili kumtambua mtu usiyemjua ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kamera yenye upana wa pikseli 1,920 inafikia kiwango hicho kwa eneo lisilozidi mita 7.7. Ukiielekeza ukumbi mzima utapata "mtu aliyevaa shati la bluu", basi. Weka kamera ya utambuzi mlangoni na kwenye kaunta. Ile pana ifuatilie mienendo tu. Halafu piga hesabu ya diski: kamera moja inayorekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde hula takribani gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 16 kwa siku 30 ni karibu terabaiti 21. Ukimuuzia diski ndogo, siku ya tukio atakuta picha zimeshafutwa, na jina litakalotajwa ni lako.

Wizi wa ndani unahitaji lugha ya upole. Mteja anaijua methali ya kikulacho, lakini hataki kuisoma kwenye pendekezo ambalo huenda likasomwa na meneja wa zamu unayemshuku. Andika "udhibiti wa miamala ya kaunta". Majina na tuhuma viache kwenye mazungumzo ya ana kwa ana na mwenye mali.

Hatua ya 4: Malindo na bei

Lindo moja la saa 24 ni saa 168 kwa wiki. Mlinzi akifanya kazi saa 48, unahitaji walinzi 3.5 kabla hujafikiria likizo, ugonjwa na mafunzo; kiuhalisia ni wanne hadi watano. Weka hesabu hiyo wazi kwenye pendekezo. Mshindani atakapoleta bei ya walinzi watatu, mteja mwenyewe ataona kwamba kila mmoja atafanya saa 56 bila mapumziko, au lindo litabaki tupu siku fulani.

Tenganisha gharama ya mara moja na ya kila mwezi, na utaje usimamizi kama mstari wake. Mimi hutoa machaguo mawili. Yakiwa matatu mteja huahirisha uamuzi. Na ukiona bei yako inazidi kiasi anachoweza kuokoa, punguza kazi. Mara nyingine mlinzi mmoja wa saa za msongamano, pamoja na kuhamisha rafu mbili, vinatosha.

Hatua ya 5: Mipaka ya mlinzi

Sehemu hii iwe fupi lakini isikosekane. Andika mlinzi atafanya nini akimshuku mtu, lini anaruhusiwa kumsimamisha, nani anaamua kuita polisi, na kwamba hamfukuzii mtu nje ya duka. Eleza nani anaona picha za kamera na zinahifadhiwa siku ngapi. Sheria za kukamata, kupekua na kutunza taarifa za watu hutofautiana, kwa hiyo mwanasheria azisome aya hizi. Mteja mmoja aliyeshutumiwa bure anaweza kuligharimu duka kuliko wadokozi wa mwaka mzima.

Hatua ya 6: Ahidi kinachopimika

Usiandike "wizi utakwisha". Pendekeza siku 90, zile zile aina 20 za bidhaa, zihesabiwe siku ile ile ya wiki. Duka likiwa na tawi jingine linalofanana nalo, liachwe kama lilivyo ili mlinganishe. Idadi ya waliokamatwa isiwe kipimo kikuu: ikipanda, hujui kama walinzi wameamka au wezi wameongezeka.

Hatua ya 7: Ukurasa wa kwanza uandikwe mwisho

Sasa ndipo unajua cha kusema. Wangu huwa hivi:

"Pengo la mwaka uliopita lilikuwa 9,000, sawa na asilimia 1.8 ya mauzo. Sehemu kubwa iko kwenye aina 20 za bidhaa zilizo karibu na mlango wa pembeni, na kwenye mapokezi ya mzigo. Tunapendekeza mlinzi mmoja wa saa za msongamano, mabadiliko ya rafu, na utaratibu mpya wa kupokea mzigo, kwa jumla ya 3,200 kwa mwaka. Pengo likishuka hadi asilimia 1, duka litaokoa 4,000. Baada ya gharama zetu, 800 inabaki kwenu."

Taja bei itadumu siku ngapi, kisha ulipeleke mwenyewe na uombe dakika 20 za kulipitia pamoja na mwenye uamuzi. Historia ya kampuni, cheti cha usajili, bima na wasifu wa wasimamizi viende kwenye kiambatisho. Zile kurasa zangu nane siku hizi ni moja na nusu.