Somo: Hesabu kwanza, chemsha baadaye (homoni za mwanamke na mimea ya kwetu Kusini)

Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo zangu. Somo hili niliwaahidi tangu msimu wa mabibo. Nimelichelewesha kwa sababu kila nikikaa kuandika, mtu ananiletea chupa. Ya mwisho ilikuwa ya lita moja na nusu, maji ya rangi ya kahawia, haina hata jina, imenunuliwa stendi ya Mnazi Mmoja. Mdogo wangu aliyeileta alisema ameambiwa "inapanga homoni." Nikamuuliza: homoni ipi? Akacheka, nami nikacheka, lakini chupa nikaimwaga.

Mimi ni mkunga mstaafu, nakaa Mikindani, nina mlonge miwili uani na kashamba ka ufuta kwa wakwe zangu Ruangwa. Siyachukii majani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa somo wa unyago, na dawa za majani alizijua. Ila kwangu hakuanza na dawa. Alinipa uzi, akanifundisha kupiga fundo kila siku mpaka mwezi urudi. Nami naanza hapo alipoanzia.

HATUA YA 1: HESABU

Tafuta daftari, au kalenda ya ukutani. Siku ya kwanza damu inapotoka kiasi cha kuhitaji pedi au kitambaa, iandike: hiyo ni siku namba 1. Endelea mpaka siku inayotangulia hedhi ijayo. Fanya hivyo miezi mitatu. Andika pia pembeni: maumivu, mabonge, chunusi, usingizi, na kila dawa uliyomeza au kunywa.

Mwanamke mzima akienda kati ya siku 21 na 35 yuko sawa. Si lazima iwe 28. Binti aliyevunja ungo juzijuzi anaweza kufika hata 45 katika miaka ya mwanzo, bado anajipanga. Nimeona wanawake wa siku 33, kila mwezi 33 bila kukosea, wanatumia pesa kurekebisha kitu kisichoharibika.

Ukikosa siku zako, kipimo cha mimba kinatangulia jani lolote. Nalisema hili kwa sauti kubwa kwa sababu nimewahi kumpokea mama aliyehangaika wiki nyingi na "homoni zilizovurugika," ametumia mizizi ya watu watatu tofauti, kumbe ana mimba ya miezi minne. Kipimo kile cha kijiti kingemwambia mapema.

Na yapo mambo ambayo si ya kusubiri daftari: pedi kulowa kabisa kila saa, kutoka damu baada ya tendo, damu kurudi baada ya hedhi kukoma, miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, au maumivu yanayokulaza. Hayo nenda zahanati, nao watakuelekeza hospitali ya Ligula (Mtwara), ya Sokoine (Lindi) au palipo karibu nawe.

HATUA YA 2: SAHANI

Hapa ndipo nitakaa muda mrefu, mnisamehe.

Tunaposema homoni tunafikiria estrojeni na projesteroni tu. Kuna nyingine inayovuruga hizo bila kelele: insulini, ile inayoitoa sukari ya chakula kwenye damu na kuiingiza kwenye seli za mwili. Ukila mlima wa ugali wa muhogo na mboga kijiko kimoja, sukari inapanda haraka na insulini inapanda nyuma yake. Kwa baadhi ya wanawake insulini ikikaa juu siku zote, ovari husukumwa kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Yai halipevuki vizuri, hedhi inapotea miezi, chunusi zinazidi, ndevu zinachungulia kidevuni. Daktari akiona hivyo hufikiria hali inayoandikwa PCOS. Kwa mwenye hali hiyo na uzito mkubwa, kupungua hata kilo 5 katika kila 100 kunaweza kurudisha hedhi. Kuna na dawa za hospitali, lakini sahani inatangulia.

Muhogo hauna kosa, kosa ni kuula peke yake. Wanga ni mwingi, protini karibu hakuna. Basi gawa sahani hivi: nusu nzima mboga za majani, robo jamii ya kunde, robo ugali au wali, yaani ugali wa ngumi yako, si ya mumeo. Na jamii ya kunde sisi hatuna sababu ya kulia. Lindi na Mtwara tunavuna mbaazi mpaka tunazipeleka ghalani zikasubiri mnada, halafu nyumbani tunanunua tambi. Mbaazi za nazi, choroko, kunde, njugu mawe: zina protini, na nyuzi zake zinaichelewesha sukari.

Damu nayo. Mwanamke anayepata hedhi anashauriwa kupata miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku. Mwanamume 8 zinamtosha. Kisamvu, mchicha, majani ya kunde na mbaazi vina chuma, ila chuma cha mimea mwili hukichukua kwa ubahili. Kinachofungua mlango ni vitamini C. Kamulia limau, kata embe bichi kachumbari, au katika msimu kula bibo. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na sisi tunalitupa chini ya mkorosho tukiwahi korosho. (Nasema bibo bichi au juisi yake. Uraka, pombe ya mabibo, si dawa ya damu, wacheni kunipigia simu.) Kinachofunga mlango ni chai. Usiteremshie chakula kwa chai ya rangi; subiri saa moja au zaidi.

Kisamvu kitwange na kichemke sana, kina sumu ileile ya muhogo.

HATUA YA 3: MUHOGO MCHUNGU NA CHUMVI

Hii wengi hawaihusishi na hedhi. Shingoni kuna tezi ya thairoidi. Ikilegea, mwanamke anachoka, anahisi baridi hata Machi, ananenepa bila kula sana, na hedhi inaweza kuwa nzito au kuvurugika. Tezi hiyo inahitaji iodini. Sasa, mwili unapoishughulikia sianidi ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, unatoa kitu kinachoizuia iodini kuingia kwenye tezi. Ukijumlisha na chumvi ya mashambani isiyowekwa iodini, ile ya viroba inayouzwa rahisi pwani yetu yote, tezi inaumia mara mbili. Sumu hiyo hiyo ikizidi, hasa miaka ya njaa, huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, na umeshatokea mkoani Mtwara.

Cha kufanya: nunua chumvi iliyoandikwa kuwa na iodini, ifunike, isilowe. Na unga wa muhogo mchungu uulowanishe kabla ya kupika: changanya na maji uwe unyevu, utandaze ungo mzima kwa wembamba usiozidi sentimita moja, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inaruka na hewa. Kisha songa ugali siku hiyohiyo.

HATUA YA 4: KAMA UNAACHA NYAMA NA SAMAKI KABISA

Ruksa, ila vitamini B12 haipo kwenye mimea, na mlonge hauna. Mwani tunaoulima ufukweni nao usiutegemee kwa hilo. Akiba ya ini inaweza kukubeba miaka, ndiyo maana mtu anajisifu mwaka wa kwanza, halafu baadaye anaanza ganzi miguuni na damu kupungua. Meza kidonge cha B12. Kama huna uwezo wa vidonge, bakiza dagaa.

HATUA YA 5: SASA CHEMSHA

Tangawizi kwa chango la hedhi: hii imejaribiwa na inasaidia. Unga wake nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto asubuhi, nusu jioni, siku tatu za mwanzo za damu. Mwenye vidonda vya tumbo au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza.

Mlonge: majani ni mboga, pika kama mchicha au tia unga wake kwenye uji. Mizizi na magome usiguse, hasa ukiwa na mimba au unaitafuta.

Uwatu hushusha sukari. Kwa hiyo anayetumia dawa za kisukari anaweza kushuka mpaka akaanguka. Mjamzito asiutumie kama dawa. Choya vivyo hivyo kwa mjamzito, na kwa anayetumia dawa za presha.

Halafu ming'oko, viazi vyetu vya porini. Nimesikia tena mwaka huu kwamba ming'oko ina projesteroni. Hadithi hii ina mzizi wa kweli. Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alitengeneza projesteroni kutokana na kiazi cha porini cha Mexico, ndugu wa viazi vikuu, na ming'oko yetu iko kwenye ukoo huo. Lakini aliibadilisha maabara, kwa kemikali, hatua baada ya hatua. Tumbo la binadamu halina uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Ming'oko ichemshe, tia chumvi, ule ushibe. Anayekuuzia ya kusaga kwa bei ya mara kumi anakuuzia chakula cha bei mbaya.

HATUA YA 6: UKINUNUA

Tiba asili ina sheria yake, Na. 23 ya mwaka 2002, na kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa. Omba kuona usajili. Uliza: mmea gani, sehemu gani, kipimo gani, na nani asitumie. Akijibu "inatibu zote," shika njia. Na chochote cha kuingiza ukeni, kufukiza au kuosha ndani eti kusafisha kizazi: hapana. Uke unajisafisha wenyewe.

MASWALI YENU

Swali, Newala: Mama, nimeona mtandaoni wanakula mbegu za kitani na maboga wiki mbili, kisha ufuta na alizeti wiki mbili, eti homoni zinajipanga. Kweli?

Jibu: Mwanangu, ushahidi wake ni mwembamba. Mbegu zenyewe ni nzuri, mpangilio ndio sina imani nao. Kula ufuta mwezi mzima. Kijiko kikubwa cha ufuta usiokobolewa kina karibu miligramu 90 za kalisi. Ukaange kidogo, uutwange. Ukimezwa mzimamzima sehemu kubwa inatoka ilivyoingia.

Swali, Lindi mjini: Nachoma sindano ya uzazi wa mpango, mwezi wa sita sioni siku zangu. Jirani kanipa mizizi ya "kufungua damu," anasema inagandia tumboni.

Jibu: Mdogo wangu, hakuna damu iliyoganda. Sindano inaufanya utando wa kizazi uwe mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Mizizi mrudishie kwa adabu. Ila kama ulichelewa tarehe ya sindano, pima mimba. Na siku ukitaka mtoto, jua kwamba baada ya sindano ya mwisho mimba huchukua kwa wastani miezi 10 hivi. Usianze kujiita tasa mwezi wa tatu.

Swali, Masasi: Samahani kwa kuingia kwenye mambo ya kina mama. Mke wangu ana miaka 47, usiku anatupa shuka, anatoka jasho, hedhi inaruka miezi. Nimpe nini?

Jibu: Karibu baba, wangekuwa wengi kama wewe! Inaelekea ni safari ya ukomo wa hedhi, ila mpeleke apimwe presha, sukari na tezi. Soya huwapunguzia joto baadhi ya wanawake, si wote, na si sana. Usiogope kwamba itamdhuru. Chai kali na pilipili usiku apunguze. Na bado anaweza kushika mimba. Kwa umri wake hushauriwa kujikinga mpaka miaka miwili ipite bila damu.

Swali, Tandahimba: Binti yangu wa miaka 14 kila mwezi anakosa shule siku mbili kwa chango. Bibi yake anasema akizaa litaisha.

Jibu: Dada, mtoto wa miaka 14 tusimpe mimba kama dawa hata kwa maneno. Chupa ya maji ya moto tumboni, tangawizi kama nilivyoeleza, na ibuprofeni baada ya kula kama hana vidonda vya tumbo wala pumu. Muuza dawa akupe kipimo cha uzito wake. Aanze mapema, maumivu yakinong'ona tu, asisubiri yapige kelele. Ikiwa miezi mitatu bado anakosa shule, mpeleke hospitali. Wapo mabinti ambao tishu kama ya kizazi imeota nje ya kizazi, na hao huambiwa miaka nenda rudi kuwa wanadeka.

Swali, Nanyumbu: Kwa heshima, mama. Bibi zetu walitumia mizizi hiyohiyo na wakazaa watoto kumi. Nyie wa hospitali mnadharau vyetu.

Jibu: Sijadharau, bibi yangu mwenyewe aliichimba. Lakini aliujua mti, aliuchimba kwa mkono wake, na akampa mtu anayemjua kama ana mimba au hana. Chupa ya stendi haina hata moja katika hayo matatu. Na waliozaa kumi tunawakumbuka kwa sababu waliishi. Mimi nimekaa leba miaka mingi, nawakumbuka na wengine.

Swali, Mtama: Mbaazi kavu zinakula mkaa mpaka hamu inaisha. Tunafanyaje?

Jibu: Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, bandika na maji mapya, funika vizuri. Magadi yanawahisha lakini yanaua vitamini B1, mimi siweki. Zikishaiva toa za leo, nyingine hifadhi kwenye friji ukiwa nayo, za kesho na keshokutwa. Tui zito na chumvi mwishoni.